ParaView, Slicer, napari au Fiji: plagini yako ya skripti uiandikie wapi bila kuteseka kudibagi

Ukiuliza watu plagini yako uiandikie ParaView, 3D Slicer, napari au Fiji, yaani programu za bure za kuonyesha na kuchambua picha na data za kisayansi, wengi watakujibu kwa kuangalia picha ipi inatoka nzuri au programu ipi ina jina kubwa. Mimi naona hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: ukibadilisha mstari mmoja wa kodi unapitia hatua ngapi mpaka uone matokeo, na kodi ikivunjika programu inakuambia nini? Maana kuandika plagini yenyewe sio kazi kubwa hivyo, kinachokula muda ni kudibagi (kusaka makosa ya kodi na kuyarekebisha), na hizi nne hapo zinatofautiana kama mbingu na ardhi.

Kuna kesi huna cha kuchagua, tuzitoe kwanza. Kama una matokeo ya simulesheni, meshi kubwa zenye mtiririko wa hewa au joto au misongo ya chuma, nenda ParaView, imejengwa juu ya VTK (maktaba ya kuchakata na kuchora data za 3D) na data hizo ndo nyumbani kwake. Kama ni CT au MRI zenye DICOM (muundo wa faili za picha za hospitali) nenda Slicer, ambayo ilianza 1998 kati ya hospitali ya Brigham and Women's na MIT na mpaka leo kila kitu ndani yake kimepangwa kwa ajili ya picha za mwili. Picha za darubini zinagawana Fiji na napari. Fiji imekaa juu ya ImageJ ambayo Wayne Rasband aliiandika NIH, taasisi ya taifa ya afya kule Marekani, mwaka 1997, napari ndo mdogo wao, imeanza 2018. Ila rundo la picha za TIFF la 3D unaweza kulifungua kote kunne, na hapo ndo watu wanaanza kuzunguka hawajui waende wapi.

Kubadilisha mstari na kuona

Kwa kasi tupu Fiji inaongoza na wala sio siri. Unabonyeza kitufe cha `[` kwenye kibodi, edita inafunguka, unaandika, unabonyeza Run, umeona. Hakuna kuinstoli wala kuzima na kuwasha. Ukiweka mstari kama `#@ Integer n` juu ya skripti yako Fiji inakutengenezea yenyewe dirisha la kumuuliza mtumiaji namba, hujagusa kodi ya dirisha hata kidogo. Na kama hujui amri ya kitu fulani inaitwaje unawasha rekoda ya makro, unabonyeza menyu kwa mkono, yenyewe inakuandikia. Kwa skripti ya mistari hamsini sijaona kinachoishinda.

Slicer ni ya pili na kwangu ndo yenye mpangilio mzuri kuliko zote kwa plagini kubwa kidogo. Unaenda kwenye settings, sehemu ya Developer, unawasha developer mode, kuanzia hapo kila moduli ya skripti inapata vitufe vya Reload na Reload and Test juu yake. Unabadilisha kodi kwenye edita yako, unarudi, unabonyeza Reload, moduli inajengwa upya huku data yako ya CT bado iko kwenye skrini haijaondoka. Hilo la data kubaki ni kubwa kuliko linavyosikika, kwasababu kupakia upya faili la gigabaiti mbili kila ukisahau koma ni mateso. Extension Wizard nayo inakupa kiunzi chenye klasi nne kuu tayari, moja ya kuitambulisha moduli, moja ya wijeti, moja ya logic na moja ya majaribio, na ukifuata mgawanyo huo kweli (sio kutupia hesabu zote kwenye wijeti kama watu wengi wanavyofanya) utajishukuru baadae.

Ila Reload ya Slicer ina ujanja wake. Inapakia upya faili kuu la moduli, haigusi vifaili vya pembeni ulivyoviimpoti, kwahiyo kama umeigawa kodi yako kwenye folda ya ndani unaweza kubadilisha, ukabonyeza Reload mara kumi, na bado inaendesha kodi ya zamani, ukaanza kuwaza umerogwa. Dawa ni kuviita `importlib.reload` mwenyewe. Lingine ni yale maobzava, vile vifankisheni unavyoviacha visikilize mabadiliko kwenye sini (scene, yaani data zote ulizopakia). Usipoviondoa kwenye `cleanup()`, baada ya kila Reload kinabaki cha zamani na kipya kinaongezeka juu yake, ukisogeza slaida moja hesabu inajirudia mara tatu, nne, tano. Ukiona moduli inazidi kuwa nzito kadri unavyoidibagi, na ukizima Slicer ukaiwasha inakuwa nyepesi tena, basi ndo hiyo. Tumia VTKObservationMixin, inafuta zote kwa mstari mmoja.

napari haina Reload ya hivyo. Plagini yake ni paketi ya kawaida ya Python, unaiinstoli na `pip install -e .`, ukibadilisha kodi unafunga napari unafungua tena. Kwa karatasi inaonekana imeshindwa, ila subiri tufike kwenye kudibagi kwenyewe.

ParaView na milango yake mitatu

Hapa nitakaa kidogo maana ndipo watu wanapotea zaidi, na shida inaanza kwa kuwa ParaView ina njia tatu kuu za skripti na kila moja ina tabia yake.

Ya kwanza ni Programmable Filter. Unaiweka kwenye mlolongo wa data, unaandika kodi kwenye kiboksi, unabonyeza Apply. Mfano wa kawaida kabisa, unataka kasi kutoka kwenye vekta:

```
from vtkmodules.numpy_interface import algorithms as algs
v = inputs[0].PointData['velocity']
output.PointData.append(algs.mag(v), 'kasi')
```

Inaonekana haina pa kukosea, sasa angalia. Kama faili lako limeandika `Velocity` kwa herufi kubwa, hutapata eror. Hakuna kitu chekundu popote. ParaView haikuti arei hiyo, inakurudishia kitu kinaitwa NoneArray, `mag` ya NoneArray ni NoneArray, na `append` ikiona NoneArray inakaa kimya inaondoka zake. Unachoona wewe ni kwamba filta imepita vizuri ila `kasi` haipo kwenye orodha ya rangi. Mtu anaanza kukagua hesabu wakati shida ni herufi moja. Kwahiyo mstari wa kwanza wa kudibagi Programmable Filter yoyote ni `print(inputs[0].PointData.keys())`, jibu linatokea kwenye Output Messages, alafu ndo uendelee.

Kitu kingine ni kwamba kodi ya kwenye kiboksi haina faili, kwahiyo ikivunjika traceback (ile ripoti ya eror ilitokea mstari gani) inakuonyesha `<string>` na namba ya mstari basi, na dibaga ya VS Code haina pa kushika. Wengi wanaikwepa kwa kuandika kodi kwenye faili la pembeni na kuliimpoti ndani ya kiboksi pamoja na `importlib.reload`. Inafanya kazi, ila ujue ParaView haiangalii faili lako, inaangalia kama filta yenyewe imebadilika, kwahiyo ukisevu faili kitufe cha Apply kinabaki kimelala tu. Gusa kiboksi, ongeza nafasi moja mwishoni, kitaamka. Ni ushamba ndiyo, lakini ndo hali ilivyo.

Ya pili ni makro na Trace. Start Trace, unafanya kazi kwa mouse, Stop Trace, unapata skripti nzima. Nzuri kwa kurudia kazi, sio ya kuongeza hesabu mpya, tusikae hapo.

Ya tatu ndo plagini yenyewe ya `.py`, ambayo imekuwepo tangu toleo la 5.6. Unaandika klasi inayorithi VTKPythonAlgorithmBase, unaipamba na dekoreta za `@smproxy` na `@smproperty`, unaipakia kupitia Manage Plugins, na filta yako inatokea kwenye menyu ya Filters ikiwa na slaida na viboksi vyake kama za wenyewe. Matokeo yake mazuri sana, mtumiaji hawezi kujua ni Python. Ila ukishaipakia haipakuliki. Umebadilisha kodi? Zima ParaView, washa, pakia data, jenga mlolongo upya. Ndo maana ukiandikia humo inabidi utumie akili: klasi yenye dekoreta iwe nyembamba kabisa, hesabu zote zikae kwenye moduli ya pembeni ambayo unaweza kuijaribu na `pvpython` kwenye terminali bila dirisha lolote. Unaunda filta yako, unailisha data ndogo ya bandia, unaita `Update()`, unaangalia namba zilizotoka. Hapo dibaga ya kawaida inaingia vizuri, `pdb` inasimama pale unapotaka, na huna haja ya kugusa mouse.

Na kosa moja ambalo karibu kila plagini ya kwanza ya ParaView inalo: umeandika kifankisheni cha kupokea namba kutoka kwenye slaida, `self._kizingiti = x`, ukasahau `self.Modified()`. Mtumiaji anasogeza slaida, anabonyeza Apply, picha haibadiliki. Kodi yako iko sawa, ila VTK haijaambiwa kwamba kuna kitu kimebadilika kwahiyo inarudisha majibu ya mwanzo. Ukiona "slaida haifanyi kazi" anzia hapo kabla hujafungua kitu kingine.

Kama unaendesha ParaView kwenye seva yenye prosesi nyingi kuna tabaka jingine tena. Kila prosesi inaona kipande chake tu cha data, `numpy.max` inakupa kubwa ya kipande hicho, na picha inatoka na viraka vya rangi ambavyo havieleweki. `algs.max` ndo inakusanya kutoka kwa wote. Alafu njia ya faili unayoiandika kwenye filta inasomwa kule kwenye seva, sio kwenye laptop yako, na plagini inabidi ipakiwe pande zote mbili. Kitu kinachofanya kazi vizuri nyumbani kikifika kwenye klasta kinakataa, mara nyingi ni moja ya hayo.

Ikivunjika unaona nini

Sasa turudi kwa napari, maana hapa ndo inalipa deni lake. Kwakuwa ni Python ya kawaida kwenye mazingira yako mwenyewe, hakuna Python iliyofungiwa ndani ya programu, unaweka `breakpoint()` popote na inasimama kwenye terminali, au unaiwasha kutoka VS Code au PyCharm moja kwa moja ukasoma kila kigezo. Eror ikitokea inatokea kona ya chini na kitufe cha kuona traceback nzima. Ukiweka `NAPARI_CATCH_ERRORS=0` kabla ya kuwasha, eror haifichwi kwenye kijidirisha, inarushwa kama kawaida na dibaga yako inaidaka. Na kwa majaribio kuna `make_napari_viewer` ya pytest, unafungua vyuwa (viewer, dirisha la napari) ndani ya jaribio na kuifunga, hata kwenye mashine isiyo na skrini ukiwa na skrini ya bandia. Linganisha na Slicer na ParaView ambazo zinakuja na Python yao tumboni. Ukitaka kuunganisha debugpy (paketi inayoruhusu dibaga ya nje kuingia kwenye Python inayoendeshwa) na dibaga ya VS Code kule, debugpy inajaribu kuwasha prosesi ya pili kwa kutumia `sys.executable`, na `sys.executable` ndani ya programu hizo inaweza kuwa programu yenyewe, kwahiyo badala ya dibaga unafunguliwa dirisha la pili la ParaView. Inabidi uiambie kwa `debugpy.configure` Python halisi iko wapi. Slicer angalau wana ekstensheni ya Debugging Tools inayokufanyia hayo, ParaView unajifanyia.

Ubaya wa napari uko kwenye thredi. Hesabu ndefu ukiiweka kwenye wijeti bila `thread_worker` dirisha linaganda, ukiiweka kwenye `thread_worker` alafu ukaongeza leya (tabaka jipya la picha kwenye vyuwa) kutokea humo humo ndani, leo itapita kesho itakrashi bila traceback yoyote, maana Qt (maktaba inayotengeneza madirisha ya napari) haitaki dirisha liguswe kutoka thredi nyingine. Rudisha matokeo kwa `return` au `yield`, na kile kifankisheni kinachopokea ndo kiongeze leya. Lingine ni mafunzo ya zamani yaliyojaa mtandaoni, yale ya `napari_hook_implementation` ni ya injini ya kwanza, usiyafuate, ya sasa inaitwa npe2 na inatumia faili la `napari.yaml`. Hilo faili nalo lina mtego mzuri sana: kwako ulikoinstoli na `-e` kila kitu kinaonekana, umeipakia PyPI, mwenzako anaiinstoli na plagini haipo kabisa kwenye menyu. Yaml haikuingia kwenye paketi kwasababu hukuitaja kwenye package data. Kabla hujachapisha jenga wheel, iinstoli kwenye mazingira mapya matupu, uone kama menyu inatokea.

Fiji kwenye kuvunjika ndo inapoteza pointi ilizopata juu. Makro ina dibaga yake ya kupita mstari kwa mstari, lakini ukitumia Jython (Python inayoendeshwa juu ya Java) unabaki na `print` na `IJ.log`. Na Jython ni Python 2.7, numpy hamna. `7/2` inakupa 3, kwahiyo wastani wa mwangaza unakosea kimya kimya mpaka uweke `from __future__ import division`. Afu picha ya biti 8 ukiichukua na `getPixels()` ni baiti za Java zenye ishara, pikseli yenye 200 inasomeka -56, lazima uipitishe kwenye `& 0xff`. Hizi zote hazitoi eror, zinatoa grafu mbaya tu. Kama uko Fiji na skripti inakua, kwa maoni yangu hamia Groovy mapema, ambayo ni lugha nyingine ya skripti humo humo, inaelewana na Java vizuri zaidi na haikudanganyi kwamba ni Python.

Slicer kwa upande wa makosa ya kimya ina moja kubwa, nayo ni ya upande na mpangilio. `arrayFromVolume` inakupa arei kwa mpangilio wa slaisi, safu, kolamu, yaani kinyume cha vile watu wanavyotaja i, j, k. Na Slicer inahesabu koodineti kwa RAS (mihimili inaelekea kulia, mbele, juu) wakati ITK, maktaba ya kuchakata picha za kitabibu, na DICOM wanatumia LPS (kushoto, nyuma, juu), kwahiyo ukileta pointi kutoka maktaba nyingine bila kugeuza ishara za mhimili wa kwanza na wa pili, alama uliyoiweka kulia inatokea kushoto. Kwenye kichwa ambacho pande zote zinafanana unaweza usilione kabisa. Jaribu na data ambayo ina kitu upande mmoja tu. (Na wenyewe wameandika wazi kwamba Slicer haijaidhinishwa kwa matumizi ya kliniki, kwahiyo plagini yako ibaki kwenye utafiti.) Ukibadilisha arei kwa mkono kumbuka `arrayFromVolumeModified`, ni ndugu yake na ile `Modified()` ya ParaView, usipoiita skrini haijui.

Kwahiyo uchague ipi

Ukiwa unaanza, data ni za darubini na unajua Python, nenda napari, kudibagi kwake ni kule kule ulikokuzoea na hesabu zako unaweza kuzitumia hata nje ya napari. Ukihitaji maktaba nzito za kujifunza kwa mashine ndo kabisa, ila uwe na mazingira tofauti kwa kila mradi, maana plagini mbili zinazotaka matoleo tofauti ya maktaba moja hazikai pamoja. Kama watumiaji wako ni watu wa maabara ambao hawataki kusikia terminali, Fiji bado inashinda, unaweka skripti kwenye update site yako (sehemu ya mtandaoni ambayo Fiji inavuta masasisho), wao wanabonyeza Update wanaipata.

Picha za kitabibu, Slicer bila kufikiria mara mbili, hata kama unaijua napari vizuri, kwasababu kazi ya DICOM na koodineti imeshafanywa na ukiifanya mwenyewe utakosea. Maktaba za ziada unaziongeza na `slicer.util.pip_install`, ila iite pale mtumiaji anapobonyeza kitufe, usiiweke juu ya faili, la sivyo Slicer nzima inachelewa kuwaka kwa ajili ya moduli ambayo huenda hata hajaifungua.

ParaView ingia kwa Programmable Filter kwanza hata kama lengo ni plagini kamili. Hesabu ikishatulia ihamishe kwenye moduli ya pembeni, alafu uandike ile klasi nyembamba juu yake mwishoni kabisa. Na kama hesabu yako inataka maktaba ambayo haimo kwenye ParaView uliyodownload, angalia kwanza Python iliyomo ndani ni toleo gani kabla hujaanza kuunganisha mazingira yako nayo, maktaba iliyojengwa kwa toleo jingine la Python haitaimpotika. Ukichoka na hilo, conda-forge wana paketi ya ParaView ambayo inakaa kwenye mazingira yale yale na maktaba zako.